Kabla Hujanunua Seva ya Mafaili ya Ofisi

Mfanyabiashara akianza kuulizia seva ya kuhifadhia mafaili, swali lake la kwanza huwa ni TB ngapi, la pili bei gani. Muuzaji anajibu hayo hayo mawili, na kabla ya saa moja kupita boksi limeshafungwa nyuma ya bodaboda. Maswali hayo si mabaya, ila hayagusi kazi yenyewe. Seva ya aina hii, ambayo mafundi huiita NAS, hainunuliwi kwa ajili ya kuweka. Kuweka, hata flashi inaweka. Inanunuliwa kwa ajili ya ile siku faili linatakiwa na halionekani: diski imekufa, mfanyakazi amefuta folda, kirusi kimefunga kila kitu, au mwizi amepitia dirishani. Kwa hiyo kipimo changu kwa kila mashine ninayoulizwa ni kimoja. Katika kila mkasa wa namna hiyo, mafaili yatarudi vipi, yatarudishwa na nani, na baada ya muda gani? Mashine ambayo muuzaji wake hawezi kukujibu hayo, iache dukani hata kama bei yake inavutia.

Anza na mzigo wako mwenyewe kabla ya kutazama mashine. Chukua biashara mbili za kawaida za Dar es Salaam. Ya kwanza ni studio inayorekodi sherehe. Kamera inayochukua video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inajaza GB 45 kila saa. Kamera mbili kwenye harusi ya saa sita ni GB 540, na kama siku iliyotangulia kulikuwa na send-off ya binti huyo huyo, TB nzima imekwenda ndani ya wikiendi moja. Ya pili ni ofisi ya mhasibu. Huyu anaweza kukaa miaka bila kujaza TB moja, maana majedwali na risiti zilizoskaniwa hazina uzito. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na Kenya muda ni huo huo. Risiti ya EFD huchapwa kwenye karatasi ya joto, na ikikaa kwenye droo maandishi yanafifia mpaka karatasi inabaki nyeupe. Ile picha iliyoskaniwa ndiyo itakayobaki mkononi mkaguzi akija.

Studio inataka nafasi na kasi. Mhasibu anataka historia: alipate jedwali kama lilivyokuwa Machi, kabla mtu hajalichezea. Mashine inayomfaa mmoja inaweza kuwa hasara kwa mwenzake. Pitia kompyuta zote za ofisi, jumlisha ukubwa wa folda za kazi, linganisha na mwaka jana, kisha nunua nafasi ya kukutosha miaka mitatu. Zaidi ya hapo unalipia diski itakayozeeka kabla hujaijaza. Na usishtuke diski ya TB 4 ikisomeka 3.6 kwenye Windows. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, kompyuta inahesabu kwa 1,024, hakuna aliyekuibia.

Sasa vifo vya diski. Backblaze, kampuni ya Marekani inayoendesha diski takriban 300,000 na kutangaza takwimu zake hadharani, imekuwa ikiona diski 1 hadi 2 katika kila 100 zikifa kwa mwaka, tena kwenye kumbi zenye ubaridi wa kudumu na umeme wa uhakika. Ofisi ya ghorofa ya pili Mtaa wa Msimbazi haina neema hiyo. Jibu la kiufundi kwa tatizo hili ni RAID, wazo lililopewa jina hilo na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988: badala ya kutegemea diski moja kubwa ya bei mbaya, unganisha kadhaa za bei nafuu na uandike taarifa kwa namna ambayo moja ikifa, zilizobaki zinaziba pengo.

Kwa diski mbili za TB 4, RAID 1 inaandika kitu kile kile pande zote mbili na kukupa TB 4. Kwa diski nne za ukubwa huo, RAID 5 inakupa TB 12 na kuvumilia kifo kimoja. RAID 6 inakupa TB 8 na kuvumilia vifo viwili. Wauzaji wanaipenda RAID 5 kwa sababu hesabu yake inapendeza machoni. Mimi, kwa ofisi ya watu watano hadi kumi, nashauri diski mbili kubwa kwa RAID 1, na mzigo ukizidi hapo, nne kwa RAID 6. Sababu ni saa za ukarabati. Diski ya TB 8 ikibadilishwa, mashine inaijaza upya yote, na kwa megabaiti 150 kwa sekunde hizo ni karibu saa 15. Watu wakiwa kazini ni zaidi. Muda wote huo RAID 5 inaomba diski tatu zote zisiguswe na balaa, na diski hizo aghalabu zilitoka katoni moja na ile iliyokufa na zimefanya kazi saa zile zile. RAID 1 nayo haina akiba saa hizo, lakini inategemea diski moja tu, na diski hiyo ina mafaili yote kamili.

Ukiambiwa "ina RAID", usiridhike. Taka uione ikifanya kazi. Nilimsindikiza mama mmoja mwenye studio kwenda kununua mashine ya diski mbili. Tulikwenda na laptopu yake na video ya harusi, tukaiweka video kwenye mashine, tukaicheza kutoka humo, kisha nikamwomba kijana wa dukani achomoe diski moja.

"Mzee, hii ikichomolewa inawaka inaharibika," akasema.

"Mwanangu, kama inaharibika basi mama asiinunue. Ichomoe."

Akaichomoa. Taa ya kijani ikageuka rangi ya chungwa, mashine ikaanza kupiga mlio mkali usiokatika, na kwenye skrini bibi harusi akaendelea kulishwa keki bila kukwama. Tukatia diski nyingine tupu. Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza, kwani kijana hakujua abonyeze wapi ili ukarabati uanze. Akampigia fundi wao, fundi akamwelekeza kwa simu, kazi ikaanza. Mama alikuwa kimya muda wote huo, kisha akauliza jambo ambalo mimi sikuwa nimeliuliza: "Na ikilia hivi usiku, ofisini kuna nani wa kuisikia?"

Lile lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. RAID iliyopoteza diski moja inaendelea kufanya kazi kama kawaida, na ukawaida huo ndio hatari yake. Nimeingia ofisi ambazo mlio ulizimwa kwa sababu unasumbua wateja, diski ya pili ikabaki peke yake miezi na miezi, na kila mtu akiamini yuko salama. Mashine unayoinunua lazima iweze kutuma barua pepe au ujumbe kwenye simu ya mtu mwenye jina, na ujumbe wa majaribio uingie kwenye simu hiyo kabla hujalipa. Mtu huyo akiacha kazi, siku hiyo hiyo anwani ibadilishwe.

RAID ikishakuridhisha, ujue mpaka wake. Inakukinga na kifo cha diski, basi. Ukifuta folda, imefutwa pande zote mbili kwa sekunde ile ile. Kirusi kikifunga mafaili, kinayafunga pande zote mbili. Kuitegemea RAID peke yake ni kuchonga funguo mbili za nyumba na kuzifunga kwenye mnyororo mmoja.

Kwa mikasa ya kufuta na ya kirusi, kitu cha kuulizia ni snapshoti. Mashine inashika hali ya mafaili yote ilivyo saa fulani, tuseme kila saa moja wakati wa kazi, bila kuyanakili upya. Inatunza tu vile vipande vinavyobadilika baadaye, kwa hiyo haili nafasi sana. Mhasibu wetu akiharibu jedwali saa nane mchana, analirudisha lilivyokuwa saa saba. Mifumo ya mafaili ya Btrfs na ZFS inaifanya kazi hii vizuri, na juu ya hapo inaweza kugundua taarifa zilizooza kimya kimya kwenye diski, kwa kuwa kila kipande kina alama yake ya hesabu ya kukikagua. Mashine za ngazi ya chini za kampuni ile ile zinaweza kukosa uwezo huo, kwa hiyo usinunue nembo. Soma sifa za modeli yenyewe.

Jaribio lake ni jepesi. Mwambie mfanyakazi wa kawaida, si fundi, afute folda kisha airudishe. Akishindwa kwa maelekezo mafupi, ujue siku ya mkasa mtakaa mnamsubiri fundi aliye safarini Mwanza. Hakikisha pia mfanyakazi huyo hawezi kuzifuta snapshoti zenyewe. Kirusi kikiingia kwenye kompyuta yake, kinafanya kila kile ambacho yeye anaruhusiwa kufanya, hakipungui. Ndiyo maana kila mtu awe na jina na neno lake la siri, na haki za msimamizi zisitumike kwa kazi za kila siku.

Kuna virusi vingine havipiti kwa mfanyakazi, vinaifuata seva moja kwa moja kupitia intaneti. Agosti 2014 SynoLocker ilishambulia mashine za Synology. Kuanzia Januari 2022 DeadBolt ilifunga maelfu ya mashine za QNAP na kumdai kila mwenye mashine bitcoin 0.03. Zilizoumia zilikuwa zimeachwa wazi mbele ya intaneti, mara nyingi kwa sababu mtu alitaka kuona mafaili yake akiwa nyumbani. Fundi akikuambia atakufungulia mlango kwenye ruta ili uione seva popote ulipo, mkatalie kwa upole. Kuna njia ya VPN, ambayo inakuingiza kwenye mtandao wa ofisi kwanza ndipo uione seva, na mashine nyingi za siku hizi zinakuja nayo. Ni hatua moja zaidi kwa mtumiaji, na inafaa kila sekunde yake.

Hapa linaingia jambo la umri wa programu. Juni 2021 wenye mashine za My Book Live za Western Digital walikuta mafaili yao yamefutwa yote kutoka mbali, kupitia matundu kwenye programu ambayo mara ya mwisho kusahihishwa ilikuwa 2015. Mashine zenyewe zilikuwa nzima na zinawaka. Zilichokosa ni mtu wa kuyaziba matundu hayo. Unapopewa modeli ya miaka sita iliyopita kwa bei ya kutupa, uliza masahihisho ya usalama yataendelea kutoka mpaka mwaka gani. Kama hakuna jibu, bei hiyo si ya kutupa.

Diski zenyewe zinastahili uangalifu kuliko boksi, maana mara nyingi ndizo zinazokula fedha nyingi. Aprili 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa mahsusi kwa mashine hizi, zilikuwa za SMR, teknolojia ambayo mistari ya taarifa huandikwa ikipandiana ili kubana nafasi. Diski hizo zinakuwa nzito mno mashine inapojikarabati. Unachotaka ni CMR, ambayo mistari yake haipandiani. WD Red Plus na Seagate IronWolf ziko upande huo. Halafu kuna ulaghai. Mwanzoni mwa 2025 waandishi wa Heise, chombo cha habari za teknolojia cha Ujerumani, walifichua diski za Seagate zilizouzwa kama mpya ilhali zilikuwa zimeshafanya kazi maelfu ya saa, na hesabu ya saa kwenye SMART, taarifa ambazo diski yenyewe inajiwekea, ikiwa imerudishwa sifuri. Kama wanunuzi wa Ulaya walipigwa, sisi tunaonunua kwa mkono wa tatu tusijidanganye. Ingiza namba ya diski kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama dhamana ipo na inaishia lini, soma saa za kazi kwenye SMART ukikumbuka kwamba mwaka mmoja ni saa 8,760, na kwa diski za Seagate mwombe fundi asome pia taarifa ziitwazo FARM, ambazo ndizo zilizowaumbua walaghai wale.

Uliza vilevile kama boksi linakubali diski za kampuni yoyote. Mwaka 2025 Synology ilitoa modeli mpya za kundi la Plus zilizobana matumizi ya diski zisizo kwenye orodha yake, wateja wakalalamika, na Oktoba mwaka huo huo ikalegeza kwa toleo la 7.3 la DSM, programu inayoendesha mashine zake. Kwa mtu wa Arusha au Mtwara, ambaye diski ya kampuni fulani inaweza kuchukua wiki mbili kumfikia, kibano cha namna hiyo kinatosha kumfanya abadilishe chaguo.

Na boksi lenyewe likiungua, diski zikabaki nzima? Watu wachache wanauliza hili. Diski zilizotoka kwenye mashine za Synology zinaweza kusomwa kwenye kompyuta ya Linux; zile za TrueNAS, programu ya bure inayotumia ZFS, zinahamia kwenye kompyuta nyingine yoyote yenye programu hiyo. Lakini seva kuukuu yenye kadi yake ya RAID mara nyingi inataka kadi ya jamii ile ile ili diski zisomeke, na kadi hiyo ya miaka kumi iliyopita utaipata wapi? Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya nisiwashauri wenye ofisi ndogo kununua zile seva za mtumba zinazoletwa kutoka Dubai na Uingereza, ingawa najua zinashawishi. Ni mashine imara, zina kumbukumbu ya ECC inayojisahihisha, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko ya boksi jipya. Ila zinanguruma siku nzima na zinakunywa umeme: NAS ya diski nne ikila wati 30 ni kama uniti 260 za LUKU kwa mwaka, seva kuukuu ya wati 120 ni zaidi ya uniti 1,000. Kama una fundi wa kudumu ofisini, ichukue na uiwekee TrueNAS. Kama huna, iache.

Umeme wenyewe unahitaji maneno zaidi kuliko unavyopewa. Kinachoua mafaili si giza, ni ule mkatiko wa ghafla mashine ikiwa katikati ya kuandika, na zile sekunde umeme unaporudi kwa kishindo, unakatika, unarudi tena. Jenereta la jengo halikusaidii kitu hapo, kwani linachukua sekunde kadhaa kuamka na seva haina subira ya hata moja. Unahitaji UPS, na si UPS yoyote, bali yenye kebo ya USB ya kuongea na seva. Kazi yake si kuifanya ofisi iendelee kufanya kazi. Kazi yake ni kuiambia seva, "umeme umekatika, zimebaki dakika kumi," ili seva ifunge mafaili na kujizima kwa utaratibu. UPS isiyo na kebo hiyo inachelewesha tu mkatiko ule ule. Betri ikiisha, seva inaanguka kama ambavyo ingeanguka mwanzo.

Jaribu hivi jioni moja watu wakishaondoka. Chomoa UPS ukutani, kaa mbele ya seva na uangalie. Taa zianze kumeta, diski zitulie, mashine ijizime kabla betri haijaisha. Ukirudisha umeme, iwake yenyewe, maana mara nyingi umeme hurudi usiku wa manane na hakuna mtu wa kubonyeza. Rudia jaribio hilo kila baada ya miezi sita. Betri za UPS ni za risasi na tindikali, joto linazifupisha maisha, na za pwani zinachoka mapema kuliko zinavyoandikwa. UPS yenye betri iliyokufa inawaka taa vizuri tu mpaka siku utakapoihitaji.

Joto hilo hilo linaihusu seva. Watengenezaji wengi wa mashine ndogo wanataka hewa ya chumba isizidi nyuzi 40. Stoo iliyofungwa, bati juu, kiyoyozi kikizimwa saa kumi na moja jioni, inaweza kuukaribia mpaka huo Februari ya Dar es Salaam au ya Mombasa. Weka seva mahali hewa inapita, juu kutoka sakafuni kwa ajili ya vumbi na maji ya mafuriko, mbali na dirisha linalopitisha upepo wa bahari. Kabati lenye kufuli liwe na matundu.

Kasi nitaipitia haraka. Mtandao wa waya wa gigabiti moja unapitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde; swichi ya zamani ya megabiti 100 inapitisha kama 11. Folda ya GB 50 inachukua chini ya dakika nane kwenye ya kwanza, na zaidi ya saa nzima kwenye ya pili. Ofisi nyingi zinazolalamikia seva zina swichi mbovu au zinahariri video kwa Wi-Fi. Badilisha swichi kabla ya kubadilisha seva.

Kuna wanaouliza: kwa nini tusiweke kila kitu kwenye hifadhi za mtandaoni tuachane na haya yote? Kwa mhasibu, swali hilo lina haki yake. Mzigo wake ni mdogo na hifadhi hizo zinamfaa. Kwa studio, piga hesabu. Kupandisha TB 2 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde kunachukua siku 18 na nusu, usiku na mchana, bila mtu mwingine kuugusa mtandao. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na Afrika Kusini, Tanzania na majirani zake walikaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Aliyekuwa na mafaili ofisini aliendelea kufanya kazi.

Lakini mafaili ya ofisini peke yake nayo hayatoshi. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na moto hauchagui diski ya kwanza na ya pili. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliwahi kuliweka jambo hili katika namba tatu ambazo mafundi duniani kote wamezichukua: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, na 1 ikae mahali pengine. Kwa ofisi ndogo ya kwetu naona njia rahisi ni diski mbili za nje zinazobadilishana kila wiki. Moja imechomekwa kwenye seva inapokea bekapu, nyingine iko nyumbani kwa mwenye biashara, Ijumaa zinabadilishana. Ile iliyo nyumbani haina waya wowote, kwa hiyo hakuna kirusi kinachoifikia. Vitu vidogo visivyo na mbadala, yaani hesabu, mikataba, orodha ya wateja, vipandishwe pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Unapopima seva, angalia kama ina programu ya kufanya bekapu hizi yenyewe kwa ratiba, na kama inatoa taarifa zinaposhindwa.

Maana bekapu zinashindwa kimya kimya hata kwa wakubwa. Tarehe 31 Januari 2017 mfanyakazi wa GitLab, kampuni ambayo kazi yake yote ni kutunza programu za watu, alifuta kanzidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walipokimbilia bekapu wakakuta njia walizokuwa wamezipanga hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo, na hatimaye wakaokolewa na nakala ambayo mfanyakazi huyo huyo alikuwa ameichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine. Saa hizo sita za taarifa hazikurudi. Ratiba ilikuwepo, programu zilikuwepo. Hakuna aliyekuwa amejaribu kurudisha.

Kuna pia mkasa wa mwizi, na hapa sheria inakudai wewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake tangu 2019. Vitambulisho vya wateja, mishahara, vyeti vya hospitali vikitoka ofisini kwako ndani ya boksi la kilo mbili, wewe ndiye mwenye kuulizwa. Nunua mashine inayoweza kufunga taarifa kwa usimbaji, iwashe siku ya kwanza kabla mafaili hayajaingia, na ufunguo wake uchapwe na kuwekwa mbali na mashine. Ukiupoteza, hakuna fundi wa kukufungulia, hata aliyetengeneza boksi hilo hawezi.

Ukishapata mashine iliyopita yote haya, andikiana na fundi. Karatasi moja inatosha: modeli na namba za diski, tarehe dhamana zinapoisha, nani anapokea ujumbe wa hatari, bekapu inakwenda wapi na saa ngapi, na neno la siri la msimamizi likiwa kwenye bahasha iliyofungwa mkononi mwako, si kwenye simu ya fundi peke yake. Kisha mpe jaribio la mwisho. Chagua wewe mwenyewe folda moja ya mteja, umwambie aitoe kwenye ile diski ya nje iliyokuwa nyumbani na kuifungua kwenye laptopu ambayo haijawahi kuunganishwa na seva hiyo, wewe ukiangalia saa. Robo ya malipo yake ilipwe folda hiyo ikifunguka.